Mti gani usogee karibu na nyumba? Ulinganisho kwa mwenye ploti ndogo Uganda

Fundi bomba alikuwa amelala kifudifudi kando ya chemba, mkono umezama hadi begani, anavuta. Kilichotoka kwenye lile bomba la inchi 4 kilikuwa cheusi, kirefu kuliko mkono wake, kimesukana kama mkia wa ng'ombe uliolowa. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na kanga puani, akauliza ni nani anatupa matambara chooni.

"Hajati, haya si matambara," fundi akasema. "Huu ni mti."

Hapo ni Bombo, kwenye nyumba niliyokulia. Mti wenyewe ulikuwa fikasi, ile yenye majani madogo yanayong'aa ambayo huuzwa kwenye chungu ikiwa imesukwa shina. Kaka yangu aliihamishia ardhini kwa sababu ilikuwa imepasua chungu chake. Hilo peke yake lilitosha kutuonya, lakini hatukusikia. Mama alikuwa na kawaida ya kukagua kuta kila kiangazi akitafuta nyufa upande wa ule mti. Hakuwahi kuona hata moja. Mti ulikuwa unapita chini, kimya kimya, kuelekea chooni.

Tangu siku hiyo, watu wakiniuliza ni mti gani haupasui ukuta, huwa nawauliza kwanza bomba la maji taka limepita wapi. Kwenye viwanja vyetu madhara huja kwa mpangilio unaojulikana: gata huziba kwanza, kisha peva, yaani vitofali vilivyotandazwa uani, huinuka, kisha bomba hujaa mizizi. Msingi wenyewe mara nyingi ndio wa mwisho kuguswa. Kuna udongo mmoja tu unaovuruga mpangilio huo, nitaueleza hapa chini.

Mambo ya kupimia

Wengi wetu tumejenga kwenye ploti ya futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30. Ukishaweka nyumba, tangi la maji taka, shimo la kufyonza, geti na mahali pa gari, nafasi iliyobaki inatosha mti mmoja wa maana, pengine miwili. Kwa hiyo kila mmea hapa nimeupima kwa mambo yale yale: mizizi yake, upana wake ukishakua, unachofanya kwa paa, kazi unayokudai, na mtu unayemfaa.

Kuhusu mizizi, kuna imani kwamba huzama chini kiasi cha urefu wa mti. Sivyo. Sehemu kubwa ya mizizi hukaa kwenye sentimita 60 za juu na kutambaa kwa upana, mara nyingi kupita kabisa pale majani yanapoishia. Na mzizi hautoboi zege zima. Hutafuta unyevu, ukakuta ufa au kiungo cha bomba kinachovuja, ukaingia ukiwa mwembamba kama uzi, kisha ukanenepa humo ndani. Ndiyo maana kuziba kiungo kinachovuja kabla ya kupanda kunasaidia kuliko kubishana juu ya aina ya mti.

Sasa udongo. Ule mwekundu wa vilima vya Kampala, Mukono na Luweero hausinyai sana ukikauka. Lakini udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ulioenea Karamoja na ulioko sehemu kadhaa za Bonde la Ufa la magharibi, hupasuka wakati wa kiangazi hadi mkono ukapita, na mvua ikinyesha huvimba. Mti mkubwa ukinyonya maji upande mmoja wa nyumba, upande huo hushuka, na ukuta huchanika kutoka kwenye pembe za madirisha. La ajabu ni kwamba hata kuung'oa mti wa zamani kwenye udongo huo kunaweza kudhuru: maji yaliyokuwa yakinyonywa hubaki ardhini, udongo huvimba na kuinua msingi. Ukijenga huko, acha umbali usiopungua urefu wa mti ukishakomaa. Vipimo vingine vyote ninavyotaja hapa ni vya udongo mwekundu.

Vichaka vya kando ya ukuta

Kichaka chochote kikae angalau mita moja kutoka ukutani. Sababu kubwa si mizizi, ni mchwa. Mchwa hupanda ukuta kwa vijia vya udongo, na kama majani yameufunika ukuta hutaviona hadi siku dari iporomoke. Vilevile usirundike udongo wa bustani ukapita ule utandiko wa kuzuia unyevu kwenye msingi. Nimeona bustani nzuri sana zilizoozesha lipu ya nyumba nzima namna hiyo.

Haibiskasi

*Mizizi.* Laini, ya juu juu, haina ugomvi na msingi wala peva.
*Upana.* Ukiiacha hufika mita 3 kwenda juu na karibu hiyo hiyo kwa upana. Ukiikata hubaki kimo cha dirisha bila kulalamika.
*Paa.* Haifiki.
*Kazi.* Mara mbili tatu kwa mwaka, hasa baada ya mvua za Machi hadi Mei. Inzi weupe na vidung'ata huipenda; ukiona majani yamejikunja na kunata, pulizia maji ya sabuni upande wa chini.
*Anayefaa.* Mtu anayetaka maua karibu na dirisha na asiyetaka kuajiri mtu wa bustani.

Bugenvilia

*Mizizi.* Haisumbui. Huu ni mmea wa ukame. Ukiumwagilia sana hutoa majani badala ya maua.
*Upana.* Hapa ndipo kesi ilipo. Bugenvilia haina adabu ya mipaka: hupanda juu ya chochote.
*Paa.* Ikifika kwenye mabati huingiza matawi chini ya karatasi za bati, hunenepa humo, na upepo ukija huinua bati zima. Gata nazo hulemewa na uzito wake.
*Kazi.* Kukata, na kukata tena, ukiwa umevaa glavu za ngozi maana miiba yake haina huruma.
*Anayefaa.* Mwenye ukuta wa mpakani ulio mbali na nyumba. Kwa wezi, ukuta wenye bugenvilia ni kazi ngumu kuliko wenye chupa zilizovunjwa, na unapendeza zaidi. Mtu wa Moroto au Kotido, ambako mvua ni haba, ataipenda kuliko mtu wa Entebbe.

Duranta ya njano

*Mizizi.* Midogo, mingi, haina nguvu ya kuinua kitu.
*Upana.* Ni utakavyo wewe. Hukatwa ikawa ukuta mnyoofu kama wa matofali.
*Paa.* Haifiki.
*Kazi.* Nyingi kuliko inavyotangazwa. Wakati wa mvua inataka mkasi kila baada ya wiki mbili tatu, la sivyo inageuka pori.
*Anayefaa.* Anayependa uzio nadhifu na ana mtu wa kuukata. Mwenye watoto wadogo afikiri mara mbili: vitunda vyake vya rangi ya chungwa vina sumu. Ikikatwa mara kwa mara haizai sana, lakini ukisafiri miezi mitatu utavikuta vimening'inia kama shanga.

Kwa wasiotaka kukata kabisa, iksora na kroton hukua taratibu na hazidai mengi. Na ule mwoleanda wa maua ya rangi ya waridi, unaopendwa kwenye bustani za hoteli, una sumu kuanzia jani hadi shina. Mizizi yake haina shida. Mimi tu siuweki mahali ambapo mbuzi wa jirani hupita.

Miti

Mwashoka

Ndio ule mrefu mwembamba uliopangwa kwenye mageti ya Kampala kama askari wa gwaride. Asili yake ni India na Sri Lanka, na si ule mti mtakatifu wa Wahindi wenye jina kama hilo. Huo ni mwingine kabisa.

*Mizizi.* Ya wastani. Sijaukuta ndani ya bomba, ingawa kwenye bomba linalovuja siwezi kuuwekea dhamana mti wowote.
*Upana.* Hapa hakuna anayeushinda. Ule wenye matawi yanayoinama hukaa ndani ya mita moja na nusu au mbili, huku ukipanda mita 10, 15 na zaidi.
*Paa.* Hudondosha majani marefu mwaka mzima, kidogo kidogo. Ni makubwa kiasi cha kuonekana na kuokotwa kwa mkono. Kinachosumbua ni popo wanaokuja kula matunda yake na kuacha alama ukutani.
*Kazi.* Ndogo. Watu wengi hukosea kwa kuukata kichwa, ndipo unapotanuka na kupoteza sura.
*Anayefaa.* Mwenye kipande chembamba kati ya nyumba na ukuta wa jirani, anayetaka kujisitiri na ghorofa lililoota upande wa pili. Hautakupa kivuli. Huo ndio ukweli ambao wauzaji wa vitalu hawautaji: mti mwembamba hutoa kivuli chembamba. Mimi nauacha mita 3 kutoka ukutani.

Nsambya

Kilima cha Nsambya kimebeba jina lake, na bado wanaojenga Kampala huupita kitaluni wakitafuta kitu cha kutoka nje. Ni mti wa hapa, una maua ya njano yenye umbo la tarumbeta, na wakulima wa Buganda wameuacha katikati ya kahawa na migomba kwa vizazi. Mti unaogombana na jirani zake kwa mizizi hauachwi kwenye shamba la kahawa.

*Mizizi.* Huelekea chini kuliko kutambaa. Kwenye peva ni mpole.
*Upana.* Kichwa chake ni chembamba, mita 4 au 5, na urefu wa mita 10 hadi 15.
*Paa.* Maganda yake marefu hupasuka na kumwaga mbegu zenye mabawa kama karatasi. Hizo huingia kwenye gata, na gata yenye tope huotesha miche. Nimeshang'oa nsambya ya kimo cha kiganja kutoka kwenye gata ya mama.
*Kazi.* Kusafisha gata kabla ya kila msimu wa mvua, na kung'oa miche inayojiotea. Ukiukata huchipua upya, na fito zake ni nguzo nzuri.
*Anayefaa.* Anayetaka mti halisi, wenye ndege, na ana mita 4 au 5 za kuupa. Asiyependa kupanda ngazi auache.

Mtaminalia

Huu wengi huuita mti mwavuli, wenye matawi yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka. Umetoka Madagaska. Kwa uzuri wa kivuli sijaona unaoufikia: majani madogo yanachuja jua badala ya kulizima, na chini yake nyasi bado zinaota.

*Mizizi.* Ya juu, yenye nguvu. Tazama peva kwenye maegesho yaliyopandwa miti hii miaka kumi iliyopita uone zilivyopanda mgongo. Kwa msingi imara kwenye udongo mwekundu si janga, lakini kwa peva na mabomba ya kina kifupi ni adui wa polepole.
*Upana.* Mwavuli ni mwavuli. Tegemea mita 8 na zaidi.
*Paa.* Majani yake ni madogo. Yanapita kwenye wavu wa gata na kuingia hadi kwenye tangi la maji ya mvua, ambako huoza na kugeuza maji rangi ya chai.
*Kazi.* Kuondoa matawi ya chini mapema, kufagia msimu wa kupukutika.
*Anayefaa.* Mwenye uwanja mpana, shule, kanisa, msikiti, au ploti ya robo ekari. Kwenye futi 50 kwa 100 unawezekana tu kama upo pembeni, mita 7 au 8 kutoka nyumbani, na peva haziufikii.

Mwembe uliobebeshwa

*Mizizi.* Una mzizi mkuu unaozama, pamoja na ya pembeni iliyotanda. Hauna uchu wa mabomba kama fikasi, lakini ni mti mzito na unahitaji ardhi.
*Upana.* Hapa uamuzi ni wako. Mwembe uliooteshwa kwa kokwa ukaachwa hupita mita 20 kwa urefu na kichwa chake kikafunika nyumba nzima. Uliobebeshwa, yaani uliopandikizwa kikonyo cha mwembe mwingine, ukikatwa kila baada ya mavuno, unaweza kukaa mita 4 au 5 maisha yake yote.
*Paa.* Embe likianguka kwenye bati saa nane za usiku utadhani umepigwa jiwe. Tawi lililoelea juu ya paa likatwe bila mjadala.
*Kazi.* Kukata kila mwaka, kuokota yaliyoanguka kabla inzi wa matunda hawajaweka makao.
*Anayefaa.* Familia itakayokula. Uliobebeshwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne. Mita 6 kama utaukata. Kama unajijua hutaukata, acha mita 10 au usipande.

Mchungwa, mlimau na ndugu zao

*Mizizi.* Midogo na ya karibu. *Upana.* Mita 3 hadi 5. *Paa.* Haifiki. *Kazi.* Mbolea, kuondoa vichipukizi vinavyotoka chini ya mahali pa kubebeshea, na kuangalia viwavi wanaokula majani machanga. *Anayefaa.* Karibu kila mtu mwenye jua la kutosha. Hautaki kivuli wala udongo unaotuama maji. Watu wa Teso wamejaa michungwa hadi milangoni na sijasikia nyumba iliyoangushwa nayo. Mita 3 zinatosha. Usiupande juu ya shimo la kufyonza: mizizi itaoza, na mwenyewe hutapenda kuchuma hapo.

Isiyosogezwa

Fikasi za kila namna, pamoja na mutuba. Mutuba una heshima yake: ndio unaotoa gome la kutengenezea kitambaa cha lubugo, kazi ambayo UNESCO iliitambua mwaka 2005. Lakini ni fikasi, na huota hata kwa kuchomeka gogo. Fundi akikuletea nguzo mbichi za mutuba za uzio, jua umepanda msitu. Kalitusi hunywa maji mno na matawi yake huanguka kwenye upepo wa mvua. Mfenesi na mparachichi nao hukua wakubwa, na matunda yao juu ya bati au kioo cha gari si mchezo. Mti wowote mkubwa mno mjini unaweza pia kuleta kaloli, wale korongo wakubwa wa mjini. Wakishajenga viota, mabati yaliyo chini yao huwa meupe kwa kinyesi, na maji ya paa hilo si ya kunywa tena.

Kwa hali yako

Kama tangi la maji taka lipo mbele ya nyumba, ambako ndiko kila mtu hutaka mti, weka haibiskasi au iksora mbele na upeleke mti nyuma. Kama lipo nyuma, geuza.

Kama unategemea maji ya paa, mtaminalia na nsambya zikae upande ambao upepo hautoi majani kuyaleta kwako. Mchungwa ni salama zaidi.

Kama udongo wako ni mweusi, sahau mti mkubwa karibu. Bugenvilia kwenye ukuta wa mpakani, mlimau mita 5 au 6, na hakikisha maji ya paa yanapelekwa mbali badala ya kuachwa yaloweshe upande mmoja wa msingi.

Kama unajenga nyumba za kupangisha, hakuna mpangaji atakayekata mwembe wako. Panda mwashoka, maana ndio unaovumilia kusahauliwa.

Kama mti mkubwa tayari upo karibu, usikate mizizi yote ya upande wa nyumba kwa panga. Utakuwa umeuondolea nanga, na dhoruba ijayo itaulaza. Mwite anayejua kupunguza kichwa kwanza, na fukua bomba ulione kabla ya kulaumu mti. Sisi Bombo tulibadilisha bomba zima, tukaondoa fikasi hadi kisiki, na sasa pale pana mlimau. Mama bado anakagua kuta.

Na kama wewe ndiye uliyepanga, mlimau kwenye nusu pipa hukua vizuri na unahama nao. Toboa matundu chini, kisha inua pipa juu ya matofali matatu. Ukiliweka moja kwa moja kwenye udongo, mizizi itatoka kwa matundu hayo na kushika ardhi ya mwenye nyumba, na siku lori la kuhamia limefika utaanza kutafuta panga.